Maji Yaliyopangwa kwa Itifaki

Naisula Lemburis alikula kwa jasho la kuunganisha nukta. Watu wa Sakina, mtaa wa Arusha, walipomuuliza kazi yake alijibu kwamba ni mtakwimu, nao wakidhani ni mtu wa sensa wakaanza kumtajia idadi ya watoto wao. Alishaacha kuwasahihisha. Ofisi ya jumuiya ya watumia maji ilikuwa chumba kimoja ghorofani, juu ya fundi rejeta, kando ya barabara ya Nairobi. Kila fundi alipogonga huko chini, picha kwenye kompyuta ya Naisula ilitetemeka, kana kwamba mlima wenyewe umeshtuka.

Na mlima ulikuwa humo ndani kweli. Programu aliyoitumia ni ya takwimu na jina lake ni herufi moja tu, R. Haina vitufe vya kupendeza. Unaiandikia amri, inatii. Ukiipa safu tatu za namba, yaani longitudo, latitudo na mwinuko, inakuchorea boksi lenye urefu, upana na kimo, na nukta zako zinaelea ndani yake kama inzi waliotulia. Ukitaka iziunganishe kwa mstari, inaziunganisha: ya kwanza kwenye jedwali na ya pili, ya pili na ya tatu, mpaka mwisho. Haiulizi kama mpangilio huo una akili. Kwa hilo Naisula aliiona inafanana sana na waajiri wake, ambao kwa miaka sita walikuwa wakimpa mikataba ya miezi mitatu mitatu na kila mara wakimpongeza kwa moyo wa kujitolea.

Mwaka huu kazi ilikuwa Engarasi, kijiji cha mgongo wa magharibi wa Mlima Meru. Serikali ya kijiji na jumuiya walikubaliana kutandaza bomba la maji ya mtiririko, yasiyohitaji mashine, kutoka tangi lililo chini ya chemchemi hadi barabarani. Vituo vya kuchotea maji vingekuwa arobaini na moja, kila kimoja kikipewa jina la mwenye boma lililo karibu. Naisula alikizunguka kijiji siku nne kwa miguu, mkononi ana kifaa cha kupimia kisichozidi ukubwa wa kipande cha sabuni. Siku ya kwanza, kwenye kituo cha tatu kutoka tangini, alimkuta Nosim, mjane wa miaka sabini na ushee, akimfungia punda wake madumu matupu.

"Takwenya, yeyo," Naisula alimwamkia mama huyo kwa Kimaasai.

"Iko. Hiyo simu yako mbona haina watu wa kuongea nao?"

"Si simu, yeyo. Inapima tuko juu kiasi gani."

"Tuko juu sana. Magoti yangu hunipimia kila siku, na hayatumii betri."

Nosim alimpa bakuli la loshoro, mahindi yaliyopondwa kwa maziwa mgando, akamwonyesha njia ambayo bomba lingepita: katikati ya shamba lake la mahindi, hatua arobaini kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Kwenye fomu ya kuruhusu njia alitia dole gumba bila kudai hata kikombe cha chai. Alichotaka ni koki, ili punda apumzike. Alisema "punda apumzike" kwa namna ambayo Naisula alielewa ni nani hasa alihitaji kupumzika.

Namba zilikuwa safi. Kuanzia tangini hadi barabarani kila kituo kilikuwa chini kidogo ya kilichotangulia, na mstari ukichorwa uliteremka ndani ya boksi kwa adabu kama mtu anayeshuka ngazi za kanisa. Naisula alihifadhi jedwali, akahifadhi na amri za kuchorea, akaenda Monduli siku tatu kumwoza mdogo wake Naserian.

Katika siku hizo tatu Elinami, katibu wa jumuiya, alilifungua jedwali.

Elinami hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomchosha Naisula baadaye, kwa maana mtu mbaya unaweza kumchukia ukamaliza. Elinami alikuwa mtu wa utaratibu. Mwaka uliopita orodha moja ya jumuiya ilirudishwa kutoka kijijini na maandishi mekundu, kwa sababu jina la mwenyekiti lilikuwa la kumi na saba, chini ya kinyozi. Tangu hapo katibu alikuwa na jeraha. Alipoliona jedwali la Engarasi limeanza na mtu asiye na cheo chochote, wa tatu akiwa mjane na mwenyekiti wa kijiji akiwa wa mwisho kabisa, jasho lilimtoka. Akalipanga upya. Kwanza mwenyekiti, Mzee Sumari. Kisha mchungaji. Kisha katekista, ili Wakatoliki wasinune. Kisha wazee wa mila kwa kufuata marika yao, mwalimu mkuu, wajumbe wa kamati, na hatimaye wananchi wengineo: wanaume kwanza, wajane baadaye. Nosim alikuwa wa arobaini na moja.

Halafu akabonyeza pale alipoonyeshwa na Naisula, na programu ikafanya kazi yake. Ilianza getini kwa Mzee Sumari, ikapanda mita mia mbili kwa mchungaji, ikaporomoka kwa katekista, ikapanda tena kwa mzee wa mila wa kwanza, ambaye boma lake liko karibu na msitu. Maji ya Engarasi yalipanda na kushuka mara kumi na tisa. Elinami aliitazama picha ile, akaona imechangamka. Aliipa rangi ya kijani na kuituma kwa mhandisi mshauri mjini.

Mhandisi Ndesanjo ana ofisi yenye dirisha linaloutazama Meru, mlima mzima, bila kizuizi. Siku hiyo pazia lilikuwa limeshushwa kwa sababu ya jua. Safu ya mwinuko ilikuwepo kwenye jedwali, lakini jedwali lina namba na picha ina rangi. Aliandika kwamba maji yasingeweza kufika kwa mtiririko. Zilihitajika pampu kumi na tisa. Fedha zilizopo zingetosha pampu za kufikia jina la thelathini. Kumi na mmoja waliobaki wangehudumiwa katika awamu ya pili.

Kila mtu wa Arusha anaijua awamu ya pili. Ni mahali. Kuna zahanati huko, kuna nyumba za walimu, na lami nyingi ajabu. Ila hajapatikana mtu aliyewahi kufika.

Naisula alirudi Jumanne, vidole bado vina hina ya harusi. Aliisoma ripoti akiwa amesimama. Akaisoma tena akiwa ameketi.

"Kaka Elinami, nani amepanga haya majina?"

"Mimi. Umeonaje? Sasa imekaa vizuri."

"Vizuri vipi?"

"Mwenyekiti yuko juu."

"Mwenyekiti yuko chini! Geti lake liko barabarani. Kijiji kizima hakuna aliye chini kuliko yeye!"

Elinami aliinuka akafunga mlango. "Dada, punguza sauti. Hayo ni maneno ya kusema juu ya kiongozi?"

"Nazungumzia mita, Katibu. Mita. Umemweka Nosim mwisho, na bomba linapita katikati ya mahindi yake. Atalisikia likipita usiku na mchana, na asubuhi atamfungia punda madumu aende kuteka maji korongoni."

"Kwa sasa. Awamu ya pili..."

"Usinitajie awamu ya pili."

Aliketi mbele ya kompyuta, akaandika amri moja ya maneno machache: panga kwa mwinuko, anzia juu. Mstari ukateremka. Kazi yote haikufika nusu dakika, na nusu dakika hiyo ndiyo iliyomuudhi kuliko lile kosa lenyewe. Watu kumi na mmoja walikuwa wamenyimwa maji na mpangilio wa majina, na katika safari yote ya ile karatasi, kutoka Sakina hadi mjini na kurudi, hapakuwa na mtu hata mmoja aliyejiuliza ni lini maji yalianza kuheshimu vyeo.

"Tuma hii," alisema.

"Ripoti imeshagongwa muhuri. Ijumaa ni kusaini tu."

"Kwa hiyo kosa likigongwa muhuri linakuwa nini?"

Elinami alifikiri kwa uaminifu kabisa. "Linakuwa nyaraka," alisema.

Ijumaa walikutana Engarasi, katika darasa la nne la shule ya msingi. Wananchi walijaza madawati ya watoto, magoti yao yakigusa videvu. Naisula hakuwemo kwenye ratiba. Aliitwa kuendesha projekta. Elinami alisalimia, akasema itifaki imezingatiwa, na hapo Naisula alicheka kicheko kifupi ambacho ilibidi akigeuze kikohozi. Mhandisi alisoma mapendekezo yake. Mzee Sumari alitoa kalamu mfukoni.

"Samahani, mwenyekiti, shikamoo," alisema Naisula. "Kabla hujasaini, kuna picha mbili."

"Marahaba. Mbili za nini? Katibu ameniambia moja."

Aliwaonyesha ile ya kijani. Halafu, bila kubadilisha namba hata moja, akawaonyesha nukta zile zile zimeunganishwa kutoka juu kwenda chini. Aliligeuza boksi taratibu ukutani ili walione kwa ubavu. Madawati yakaanza kunong'ona. Mtu yeyote aliyewahi kumwaga maji Engarasi aliielewa picha ya pili.

Mhandisi Ndesanjo alivua miwani. "Kitaalamu," alisema polepole, "dada yuko sahihi. Pampu hazihitajiki. Lakini kiutaratibu ripoti imeshapita ngazi husika, na kuirudisha nyuma..."

"Mimi sina shida na maji," Mzee Sumari alimkatiza, akiwa ameinama kwenye orodha mpya. "Nina shida na hii orodha. Mimi ni wa arobaini na moja?"

"Wa arobaini na moja kutoka tangini, mwenyekiti."

"Chini ya wajane?"

"Chini ya kila mtu, mwenyekiti. Ulijenga barabarani."

Kicheko kilitokea nyuma kikafa haraka. Elinami alisimama upesi, akapendekeza njia ya busara: wasaini ripoti kama ilivyo, na kasoro ndogo za kitakwimu zishughulikiwe baadaye.

Naisula aliiacha projekta, akawageukia. "Si kasoro ya kitakwimu," alisema, na sauti yake ilikuwa kubwa kuliko darasa. "Takwimu hazina kosa. Nilizipima kwa miguu yangu. Kosa ni kwamba tumeona haya kumwandika mwenyekiti mahali anapoishi, na kwa sababu ya haya hiyo watu kumi na mmoja waendelee kuteka maji korongoni. Mnataka nani asaini hilo? Andikeni basi kwamba ni haya. Msiandike kwamba ni pampu."

"Binti, heshima," alisema Mzee Sumari.

Hapo dawati la tatu lilisogea, na Nosim akajitoa humo kidogo kidogo mpaka akasimama wima.

"Sumari, huyo mtoto mwache, mimi ndiye nina swali. Hilo bomba linapita kwangu?"

"Linapita, mama."

"Na mimi nitakunywa lini?"

Mwenyekiti alimtazama mhandisi. Mhandisi alimtazama Elinami. "Awamu ya pili, mama," alisema Elinami.

"Vizuri. Basi na bomba lipite kwangu awamu ya pili."

Safari hii kicheko hakikufa. Nosim alisubiri kipite. "Nilitia dole gumba nikijua nami ni mtu wa kunywa maji. Kama mimi ni wa kupitiwa tu, nipeni karatasi yangu."

"Tunaweza kumkwepa?" Mhandisi alimuuliza Naisula kwa sauti ya chini. "Ukiondoa hiyo nukta ya tatu, inakuwaje?"

"Programu itaunganisha ya pili na ya nne moja kwa moja, juu ya mahindi yake. Yenyewe haihitaji ruhusa ya mtu. Mafundi wanahitaji." Kulia kuna korongo, kushoto kuna mpaka wa msitu, hilo mhandisi alikuwa analijua. Naisula akafuta nukta zote kuanzia ya tatu, akachora upya. Ukutani, ndani ya boksi kubwa tupu, ulibaki mstari mfupi kama kijiti cha kiberiti. "Mradi unaishia hapa. Vituo viwili. Chini yake hakuna kitu mpaka getini kwa mwenyekiti."

Mzee Sumari alikitazama kile kijiti. Hakuna aliyeomba radhi, na Naisula hakuona dalili kwamba ingetokea. Mwenyekiti alirudisha kofia ya kalamu, akaifungua tena.

"Mwandikeni bibi," alisema.

Mhandisi alikata neno "thelathini" kwa mstari, akaandika pembeni "vituo vyote, kwa mtiririko", akaweka saini ndogo. "Tayari, mama. Unaweza kukaa."

Nosim hakukaa. Fomu yenye dole gumba ilikuwa imeshafika mkononi mwake, kwani Elinami kwa ajili ya utaratibu alikuwa amemkabidhi alipoidai, na sasa aliibana kwapani.

"Na wale kumi?"

"Wamo, mama. Nimeondoa kikomo, wote wamo."

"Wasome."

"Mama, muda..."

"Mimi kusoma sijui, ila kuhesabu najua. Wasome kwa sauti."

Mhandisi Ndesanjo alivaa miwani, akaanza kuyasoma majina ya wale kumi kutoka juu kwenda chini, kila mtu mahali anapoishi. Kila jina lilipotajwa, mtu mmoja darasani aliitika "nipo" kama mtoto wa shule, na Nosim alikunja kidole kimoja. Vilipokunjika vyote kumi, aliiweka fomu mezani mbele ya mwenyekiti.