Alama za Pasi

Kila nikipita Mchikichini, pale wanaponyoosha mitumba kabla ya kuitundika, harufu ya pasi ya mkaa juu ya nguo mbichi hunisimamisha.

Dada yangu alikuwa akinyoosha mashati ya biashara ya mama, uani kwetu Ilala. Tangu tumzike baba alikuwa haongei sana, na mikono yake haikukosa alama mpya za moto. Mama alisema mtoto huyu hajui kushika pasi. Mchana mmoja nilimwona akijiunguza makusudi, macho makavu.

"Dada, husikii moto?"

"Nasikia," alinijibu. "Ila huu angalau najua unauma wapi. Usimwambie mama."

Sikumwambia. Nilikuwa na miaka saba, na kupewa siri na dada niliona ni zawadi.

Jioni mama aliona alama nyingine. Akamkalisha, akamfundisha upya: nyunyiza maji, anza na kola, weka mkono mbali. Dada akawa anaitikia tu, "Ndiyo, mama."

Na katika mashati yote aliyowahi kunyoosha, halikuungua hata moja.