Mawe Saba ya Mayu Kabula

Mwanangu, siku ninayotaka kukusimulia kabla hujaondoka naikumbuka kwa masikio kwanza. Macho yangu siku hizi ni ya kubahatisha, lakini ile sauti bado ninayo: krrrr ya beringi juu ya saruji, kisha kimya, kisha krrrr nyingine, ndogo, ikitokea chini.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, darasa la saba limekwisha, kichwa kimejaa ndoto. Vilikuwa vijiji vya ujamaa wakati ule, na chetu kilikuwa karibu na ziwa, upande wa Lamadi. Nilipomaliza zamu ya shamba la kijiji nilikwenda Bariadi kujifunza kupiga picha kwa Mzee Sudi, mwenye duka la vitambaa lenye chumba cha giza cha kusafishia picha kwa nyuma. Watu wote katika picha zake walisimama kama nguzo, mikono mapajani. Mimi nilitaka kumpiga mtu akiwa hewani. Usicheke. Hiyo ndiyo ilikuwa ndoto yangu yote.

Na watu wa hewani tulikuwa nao. Pale ufukweni palikuwa na ghala la pamba lililoachwa, na mbele yake mteremko wa saruji unaoshuka hadi majini, ambako zamani marobota yalipakiwa kwenye mashua. Vijana waliokota beringi kwenye vyuma chakavu, wakazifunga chini ya vipande vya mbao, wakasimama juu yake na kuteremka wima. Walijigawa makundi mawili, kama wacheza ngoma wetu baada ya mavuno: kila kundi na upande wake, na lililovuta watazamaji wengi ndilo lililoshinda. Bingwa alikuwa rafiki yangu Masunga, mwembamba, mcheshi, asiyeweza kukataa akitazamwa.

Asubuhi mteremko ulikuwa wa Mayu Kabula. Mayu ni mama; ndivyo tunavyomwita kwa heshima mwanamke aliyetuzidi umri. Alihamishiwa kijijini kama sisi wote, lakini kila siku alirudi pale kuanika dagaa. Hatua kama kumi kutoka majini alikuwa amepanga mawe saba meupe, yamekata mteremko kutoka ukingo hadi ukingo. "Mwisho ni hapa," alituambia. Hakueleza, na sisi hatukuuliza. Vijana walifunga breki kwa kisigino kabla ya mawe, na hapo ndipo tuliposikia: mbao zimesimama, lakini chini ya saruji kuna mtu bado anateremka. Walimpa jina, Wa Chini. Walimtania sana, ila hakuna aliyependa kuwa wa mwisho kuondoka.

Siku hiyo Mzee Sudi aliniazima kamera yake, ile ya kuning'iniza kifuani ukatazama kioo kwa juu. Picha zilikuwa zimebaki tatu. Mbili niliziharibu, Masunga alitoka kama moshi. Ya tatu nikaipigia hesabu. Nilitaka apite mahali nilipokwisha kupima umbali, penye mwanga mzuri, maji yakimeta nyuma yake. Mahali penyewe palikuwa ng'ambo ya mawe.

"Ukifunga breki, picha inatoka ya mtu anayefunga breki," nilimwambia. "Nataka uruke."

"Na mawe?"

"Nayaondoa. Nitayarudisha."

"Mayu akija?"

"Nitamjibu mimi. Au unamwogopa Wa Chini?"

Kundi la pili likaangua kicheko. "Mwacheni! Anamwogopa shemeji yake wa majini!" Basi. Mbele ya makundi mawili, kijana gani angekataa?

Mayu Kabula alikuwa amepeleka kapu la dagaa kijijini. Niliyabeba mawe moja moja. Jua lilikuwa kali, lakini yalikuwa ya baridi mikononi mwangu, kama yametolewa kisimani. Ziwa halikutikisika. Hata ndege walikuwa wamenyamaza. Niliyaona hayo yote, mwanangu, nikafurahi kwamba upepo hautanisumbua.

Katika kioo cha kamera ile kila kitu kinakuwa kinyume: anayetoka kushoto unamwona akitoka kulia. Nikamwona Masunga akija, akipanda hewani, mikono wazi. Nikabonyeza. Kioo kikabaki kitupu. Nikadhani amepita. Nilipoinua macho, mteremko nao ulikuwa mtupu. Palikuwa na tundu la ukubwa wa ungo, na vumbi. Ubao wake ulijiteremkia peke yake, polepole, ukaingia majini bila kelele.

Tulimwita. Kimya. Kisha kutoka chini: ko. Ko. Ko.

"Ni yeye!" mmoja akapiga yowe. "Wa Chini amemchukua, sasa anatuita sisi!"

Wote wakakimbia. Na mimi nilikimbia, sitakudanganya, kamera ikinipiga kifuani. Kwenye kona ya ghala nikakutana na Mayu Kabula na kapu lake tupu.

"Mwadila, mayu," nikamwamkia. Kinywa kilisalimia chenyewe, kwa mazoea.

Hakuitika. "Nani ametoa mawe yangu?"

"Mimi."

"Nani yuko chini?"

"Masunga. Lakini usiende, mayu! Anayegonga si yeye, ni..."

Alinishika mkono. "Na mimi waliniambia hivyohivyo."

Alinisimulia huku ananivuta kuteremka, bila chozi. Mwanawe, Nkwabi, alikuwa mpakiaji enzi za ghala. Saruji ilikatika naye palepale alipozama Masunga. Maji yalikuwa yamekula udongo wa chini, yakaacha pango. Mama alisikia kugonga. Watu wakamshika, wakamwambia huyo ni marehemu anamwita, akimwitikia atamfuata. "Aligonga mpaka jua likafika utosini. Halafu akaacha. Wakaziba kwa saruji."

Alilala kifudifudi ukingoni mwa tundu, akachukua jiwe moja kati ya yale niliyoyatupa pembeni, akagonga mara tatu. "Masunga! Nimekusikia, mwanangu!"

Chini kukagongwa haraka haraka, kama mvua juu ya bati.

Nililala kando yake. Wenzangu walipomwona mama mzee amelala kifudifudi, na mimi tu kando yake, walirudi mmoja mmoja, wameinamisha vichwa, wakaleta kamba za nyavu. Tulimtoa Masunga mguu umevunjika, maji yakiwa yamemfika kifuani, kinywa kimejaa vumbi hata hakuweza kupiga kelele. Ndiye huyo babu yako Masunga anayetembea akiinamia upande mmoja.

Mzee Sudi alipoisafisha picha, aliisogeza kwenye mwanga. Masunga ametoka safi, hewani, anacheka. Chini ya miguu yake, juu ya saruji nyeupe, yako maduara saba meusi, pale mawe yalipokuwa.

Nilimpelekea Mayu Kabula. Hakumtazama Masunga. Aliyahesabu maduara kwa kidole, akasema, "Yarudishe."

Nikayarudisha, kila jiwe mahali pake. Nilipoweka la saba, chini kukagongwa. Ko. Mara moja tu. Masunga alikuwa hospitali. Labda ni maji. Mayu Kabula aliinama, akagonga saruji kwa kifundo cha kidole.

"Namwitikia kila siku," alisema. "Siku ile sikumwitikia."

Ndiyo nasaha yangu, mwanangu, na sina nyingine kubwa kuliko hiyo. Ukikuta jiwe limewekwa na mtu, usiliondoe kwa sababu linakuharibia picha. Mtafute aliyeliweka, umuulize. Usimtie mwenzako aibu mbele za watu ili upate unachotamani. Na ukisikia mtu anagonga, hata kama mji mzima unasema ni mzimu, itikia kwanza. Kama ni mzimu, hujapoteza kitu. Kama ni mtu, anasubiri.

Nenda salama. Mungu akupe ndoto kubwa kama zangu na masikio kama ya Mayu Kabula, na siku utakayogonga wewe, asikose wa kukuitikia.