Pembe Ndogo za Chemchemini

Asubuhi ile naikumbuka mpaka leo, mwanangu, na aibu yake bado ninayo. Nilikuwa bibi harusi, mwezi haujaisha tangu niolewe, na nilitamani nisifiwe. Watu husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nusura niwaue wenyeji kwa kiu!

Enzi hizo za Mjerumani, msitu wa Meru huko juu ya Sekei ulikuwa umewekewa mawe ya mpaka. Ng'ombe marufuku, shoka marufuku. Sisi wanawake tuliachiwa njia moja tu, ya kwenda chemchemini. Nilipofika nikakuta mawe na kingo zimefunikwa na ukijani. Nikasema moyoni, kumbe wakwe zangu wachafu hivi! Nikachukua kigae nikakwangua upande mzima, kama mtu anayesugua chungu.

Mvua ya siku mbili ikauangusha ule ukingo mtupu, maji yakawa tope. Mlinzi wa msitu akaja juu: "Mnaharibu! Njia hii naifunga leo."

Mama mkwe, Mungu amrehemu, hakunitaja. Alimwita mlinzi kwenye ukingo uliosalia, wakapiga magoti. "Tazama kwanza, baba." Akamwonyesha mmea bapa uliootesha pembe nyembamba kama sindano, zilizokomaa zimepasuka ncha. Akamwonyesha wenye vikombe vidogo vya kukinga matone, na ule wa ndevu unaoning'inia matawini. "Wa pembe hushika udongo. Wa ndevu hunywa ukungu. Tuachie njia mpaka masika yaishe. Pembe zisiporudi, funga."

Mlinzi akazitazama pembe moja moja, kisha akakubali.

Tulipobaki wawili, mama akasema, "Mwanangu, ungeniuliza." Heri angenichapa.

Masika yote nilirudishia udongo na vipande vya kijani, nikichota maji taratibu kwa kata. Kila siku nilipiga magoti kutazama. Siku pembe ya kwanza ilipochomoza, ndogo kuliko ukucha, nililia. Masika yakaisha, na njia haikufungwa. Nilistaajabu jinsi Mungu alivyojisumbua kupamba kitu ambacho wengi tunakikanyaga tu.

Basi, mwanangu, ukifika ugenini usianze kwa kusafisha. Kuuliza si ujinga. Usichokijua jina huenda ndicho kinachokunywesha. Na siku kijana wako akikosea, msitiri mbele za watu, umkosoe mkiwa wawili. Mimi nilipona kwa namna hiyo. Nenda, Mungu akulainishie njia, na maji ya kwenu yasikauke.