Kichwa cha Ormie Kimelala Ng'ambo

Ormie Trewin alikuwa mkoromaji. Tuanzie hapo, maana hata yeye hakuwahi kulikana jambo hilo. Wala hakukoroma kama mtu aliyeshiba akalala chali. Alikoroma kama trekta linalogoma kuwaka asubuhi ya baridi: linajaribu, linakata tamaa, linanyamaza kidogo, kisha linajaribu tena kwa hasira. Mkewe Valda alilivumilia trekta hilo tangu arusi yao. Halafu usiku mmoja, mwaka mzima kabla ya Pasaka ninayotaka kuisimulia, uvumilivu ukamwishia.

"Ormie," alisema akiwa amekaa kitandani gizani, "chagua. Pua hiyo ama mimi."

Ormie alikuwa mtu wa mizaha. Akabeba mto wake, akashuka bustanini mpaka mtoni, akajilaza ndani ya mashua yake kuukuu iliyofungwa kwenye shina la mkaratusi. Alijua ni usiku mmoja tu, asubuhi watacheka na mambo yaishe. Na kweli asubuhi walicheka. Lakini jioni ilipoingia Valda hakusema, "Leo lala ndani," na Ormie naye hakuuliza, "Leo nilale ndani?" Kila mmoja alimngoja mwenzake aanze. Basi wakangojana. Majani yakapukutika, baridi ikaja, ikaondoka, nao wanangojana. Mchana kutwa Ormie alikuwa nyumbani: alikula humo, alinyoa ndevu humo, alibishana na mkewe juu ya nyanya humo. Usiku ukiingia, alibeba mto wake na kuteremka mtoni kama askari wa zamu.

Mtu huyu alikuwa fundi bomba mpaka alipostaafu. Nyumba yao iko Corriston, ukingo wa kusini wa Mto Murray, jimbo la Victoria. Ng'ambo ya daraja kuna Mirralong, jimbo la New South Wales. Ormie aliziba mabomba ya kingo zote mbili, na kila upande ulimsema kwamba anawafanyia kazi nzuri zaidi wale wengine. Hata Valda alimpata kwa sababu ya bomba. Alikuwa amekwenda kurekebisha bomba la uwanja wa tenisi, kijana mwembamba mwenye mikono ya kutu, na Valda siku hiyo mchezaji mwenzake hakutokea.

"Wewe fundi, umewahi kushika raketi?"

"Nimewahi kushika spana."

"Inatosha. Simama pale."

Mpira wa kwanza kabisa ulishukia katikati yao. Ormie akakurupuka kuufuata, Valda akapiga kelele, "Acha!" Akaacha. Valda akaupiga yeye, ukaenda kona, wakapata pointi. Tangu siku hiyo, kwa zaidi ya miaka arobaini, Valda akisema "Acha!" Ormie anaacha, iwe ni mpira, kipande cha mwisho cha keki, au hoja anayotaka kuitoa mbele ya shemeji zake. Naye hakuona kwamba amepoteza kitu.

Sasa tuje kwenye Pasaka. Kila Jumatatu ya Pasaka Corriston na Mirralong huchuana kwa tenisi katika uwanja wa majani wa Corriston. Hakuna mwamuzi, mpira ukianguka upande wako, wewe ndiye unayesema umeingia au umetoka, na anayedanganya atasemwa mpaka kwenye mazishi yake. Hakuna kombe wala zawadi. Kuna vikombe vya chai. Walioshinda hukaa kwenye viti vya kamba chini ya kivuli, wanamiminiwa chai, wanaletewa skonzi zenye jamu na malai. Walioshindwa huwaoshea wote vyombo, huku wakisikilizishwa maneno. Na Corriston walikuwa wameosha vyombo miaka mingi mfululizo hadi mikono yao, alivyosema Clem Hallinan mwuza nyama, imekuwa laini kama ya maharusi.

Lakini mwaka huu Corriston walinusa ushindi. Mchezaji hodari wa Mirralong alikuwa ameanguka kutoka kwenye ngazi akisafisha mifereji ya paa lake, mkono u ndani ya plasta. Asubuhi ile Clem alitembea uwanjani akichagua kiti atakachokalia.

"Hiki hapa. Kinapata upepo. Na mtu asikiguse!"

Ndipo akafika nahodha wa Mirralong, Bi Enid Quade, mwalimu mstaafu, mfupi, kofia pana, macho ya mwewe. Akasalimia, akaweka sahani yake ya sandwichi mezani, akanyoosha kidole juu ya mlango wa kibanda cha chai. Pale pana ubao wa zamani wenye sheria moja tu ya mashindano: *Mtu huchezea ukingo anakolaza kichwa.*

"Nimepungukiwa mwanamume mmoja," alisema. "Kwa hiyo nimekuja kumchukua wangu. Ormie, mwanangu, njoo huku."

Watu wakacheka. Ormie naye akacheka. Bi Enid hakucheka.

"Unalala wapi, Ormie?"

"Si... pale mashuani."

"Mashua iko wapi?"

"Majini."

"Na maji ya nani?"

Kila mtoto wa kando ya mto ule anajua: mpaka haupiti katikati ya maji. Maji yote, mpaka kwenye ukingo wa kusini, ni ya New South Wales. Mtu wa Victoria akitumbukiza miguu ameshavuka mpaka.

"Hapana, hapana, hapana!" Clem aliruka. "Mashua imefungwa kwenye mti wetu!"

"Mti wenu umeshika kamba. Kichwa kimelala kwetu. Na usiniambie halali humo, Clem, maana namsikia kutoka kitandani kwangu. Mwezi wa kwanza nilidhani serikali inachimba mto."

Watu walianguka kwa kicheko. Ormie hakucheka tena. Alimtazama Valda. Miaka yote ile walikuwa wamecheza pamoja, mume na mke upande mmoja wa wavu, na hiyo ndiyo ilikuwa Pasaka yake. Skonzi na viti vilikuwa ziada tu. Alingoja Valda aseme neno moja. Aseme tu, "Huyu analala kwangu." Uongo mdogo hivyo, nani angeukatalia?

Valda alikuwa anafunga kamba za kiatu. Alizifunga, akazifungua, akazifunga tena.

"Sheria ni sheria," alisema hatimaye. "Nendeni mkacheze."

Ormie akachukua raketi yake, akavuka kwenda kusimama na Mirralong, na moyo wake ukabaki ukingo wa kusini.

"Usinune," Bi Enid alimnong'oneza. "Kwetu utakaa kitini kwa mara ya kwanza. Unapenda sukari ngapi?"

Siku ilikuwa nzuri, jua la vuli lisilochoma, kasuku weupe wakizomea kutoka juu ya miti kama mashabiki waliolipwa. Seti zikapokezana, huku wanashinda, huku wanashinda, mpaka yote ikabaki kwenye seti ya mwisho, ile ya mwanamume na mwanamke, ambayo mwaka huu iliwaweka Valda na Clem upande mmoja, Ormie na Bi Enid upande wa pili.

Ormie alicheza vizuri kuliko kawaida yake. Mtu akiudhika mkono huwa mwepesi. Alijua kila mpira wa Valda kabla haujaacha raketi: akikunja mdomo, ataudokoa karibu na wavu, akitulia, ataupeleka mbali.

"Unanichungulia, Trewin!" Valda alifoka baada ya kupitwa mara ya tatu.

"Nakutazama. Mwaka mzima nimekutazama mchana tu."

"Nani kakufukuza?"

"Nani kaniita?"

"Jamani," Clem alisema akipangusa jasho, "tucheze tenisi au niite padri?"

Wakafika mahali ambapo Corriston walihitaji pointi moja tu wamalize. Watu wote walisimama. Hata waliokuwa wakipaka jamu waliacha visu hewani. Clem akaanzisha, Bi Enid akarudisha, Valda akaupiga, Ormie akaupiga, ukaenda ukarudi, ukaenda ukarudi. Halafu Valda akaupiga juu, juu sana, mpira wa kuning'inia, ukapita vichwa vya miti na kuanza kushuka katikati, pale pale kati ya Ormie na Bi Enid.

Ormie alikuwa ameshafika chini yake. Raketi iko juu. Mpira mwepesi, wa kuua. Na Valda, kwa mazoea ya miaka arobaini, mpira ukiwa katikati na mumewe yu chini yake, akapaza sauti:

"Acha!"

Ormie akaacha.

Akashusha raketi na kusogea kando kwa adabu kama anavyompisha mgeni mlangoni. Mpira ukaanguka mbele ya kiatu chake, ukadunda, ukaenda kulala kwenye ua.

Kisha uwanja mzima ukalipuka, na kasuku wakaruka wote. Valda alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili.

"Pointi ni yenu!" alisema mara tu aliposikika. "Nimepiga kelele mpira ukiwa kwenu. Haifai. Haki ya Mungu sikukusudia, Enid, imetoka yenyewe!"

"Pointi ni yao kweli," Clem alisema kwa huzuni, akikitazama kiti chake.

Bi Enid alimgeukia Ormie. "Umeanguka upande wako. Sema wewe. Umezuiwa na kelele?"

Ormie alikuna shingo. Angesema ndiyo, wangeendelea, na pengine angekaa kitini jioni ile.

"Sikusikia kelele," alisema. "Nimemsikia mke wangu. Mpira umeingia, nami nimeuacha mwenyewe."

Bi Enid alimtazama kwa muda mrefu, kisha akamtazama Valda, kisha akavua kofia.

"Nimemteka mtu," alisema, "kumbe nahodha wake amebaki ng'ambo. Corriston, kaeni kitako. Aproni ziko wapi?"

Basi Corriston walikaa. Clem alikalia kiti chake chenye upepo, akaagiza chai mara nne, akairudisha mara mbili kwamba haina moto. Mirralong walizunguka beseni wakiulizana sabuni hutiwa kabla au baada ya maji. Na kati yao, mikono imezama povuni hadi viwikoni, alikuwa Ormie Trewin, mtu wa Corriston aliyeosha vyombo miaka yote waliyoshindwa, na sasa anaviosha mwaka walioshinda.

"Hicho hakijatakata, mtu wa ng'ambo!" Clem alipiga kelele. "Sugua!"

Valda alikuwa amekaa kiti cha mbele. Mkononi skonzi, miguu ameinyoosha. Alikuwa amekisubiri kiti kile tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Alikula nusu ya skonzi. Akaiweka chini. Akainuka, akaenda akachukua kitambaa, akasimama kando ya mumewe na kuanza kukausha vikombe.

"Rudi ukakae," Ormie alisema bila kugeuka. "Umeshinda."

"Kiti kinaniuma mgongo." Akakausha kikombe, akakiweka. "Mwaka ujao sitaki kucheza na Clem. Anapumua kama ng'ombe."

"Basi tafuta mwingine."

"Nimeshamtafuta. Ila kichwa chake kinalala majini."

Ormie aliendelea kusugua kikombe kilichokwisha kutakata zamani. "Na pua je?"

"Nitaweka pamba masikioni. Na Ormie, usisubiri Pasaka. Leta mto huo leo. Utakuwa umeshapata ukungu."

"Nilikuwa nangoja uniite."

"Nilikuwa nangoja uombe. Nipe hicho, utakitoboa."

Bi Enid, aliyekuwa akipigana na sahani upande wa pili wa beseni, aliinua kichwa.

"Mungu awabariki nyote wawili," alisema. "Leo hatimaye Mirralong tutalala."