Neno Basi Kinywani mwa Baba Yangu

Juzi stima ilipotea hapa Garissa tangu asubuhi, na dobi wa jirani, kijana mwenye haraka zake, akaitoa pasi ya makaa uvunguni akaijaza moto. Mimi nilikuwa uani nachambua mchele. Harufu ikapita juu ya ukuta wa mabati: chuma cha moto juu ya pamba yenye unyevu, na moshi kidogo wa mkaa. Mikono yangu ikasimama. Kuku wakaingia kwenye ungo wakala mchele wangu na mimi nawatazama tu. Wajukuu wakaja mbio kuniuliza kama ni presha. Nikawaambia siyo presha, ni baba yangu.

Baba yangu, Bishar, alikuwa fundi wa nguo Habaswein. Shule mimi niliishia darasa la tatu, sijui kupamba maneno, kwa hiyo nitasema kama nilivyomwona. Alikuwa mrefu, mwembamba, na kidole gumba cha kulia kilikuwa kigumu kama kwato kwa kusukuma sindano. Wanaume wa rika lake walifuata ngamia. Yeye alikaa kibarazani na cherehani nyeusi ya kukanyaga kwa miguu. Kaka yake akija sokoni na mifugo alisimama mbele yake, fimbo begani, akimcheka.

"Bishar, huyu ngamia wako wa chuma hajazaa bado?"

"Hajazaa. Lakini hajanitembeza siku tatu kutafuta maji."

Mwanamume akinunua kitambaa cha macawis, ile nguo ya kujifunga kiunoni, alimletea aabo amshonee ubavu. Aabo ndivyo tunavyomwita baba kwetu, na baba naye humwita mtoto wake vivyo hivyo, aabo. Kazi yenyewe ni mshono mmoja tu. Mafundi wengine waliupitisha mara moja wakakutupia nguo yako. Yeye aliupitisha mara mbili, akaugeuza, akaupiga pasi, akaikunja nguo kama ni mpya. Mteja akilalamika kuwa amecheleweshwa, alimjibu, "Ukipita sokoni imekunjamana, hawatakuuliza wewe. Wataniuliza mimi." Jioni aliipanguza cherehani mafuta, akaifunika, kisha akatuogesha sisi watoto watano mmoja mmoja kwa kopo moja la maji kila mtu. Ndiyo, aliogesha watoto. Wanaume wenzake waliona ni kituko. Mama yangu, tuliyemwita hooyo, alikuwa akisimama mlangoni na shuka anatupokea, anacheka, anamwambia amesahau masikio.

Sasa, sisi Wasomali herufi P haitukai mdomoni. Polisi kwa aabo alikuwa bolisi, pilipili ni bilibili. Na pasi, hii ya kunyoosha nguo, ilikuwa basi. Kiswahili alikitumia na askari, walimu, na Musyoka, Mkamba aliyeendesha basi la Garissa kwenda Wajir. Musyoka ndiye aliyemletea nyuzi na vifungo. Siku mpini wa pasi ulipovunjika, aabo alimpa aende nayo Garissa ikatengenezwe, na basi liliporudi alimkimbilia hata injini haijazimwa.

"Musyoka, basi yangu iko wapi?"

"Si hii hapa fundi? Unataka kuinunua?"

"Si basi ya kupanda! Basi ya moto! Basi ya nguo!"

"Ngai! Basi ya moto mimi sipandi, fundi!"

Abiria walicheka mpaka mzee mmoja akashuka kushika mbavu. Aabo naye akacheka. Nikajifunza hapo kwamba neno hilo lina vitu viwili, kimoja kinabeba watu, kingine kinabeba makaa. Nilikuwa na miaka saba na nilijiona najua Kiswahili.

Mwaka huo mama alivimba miguu. Alikuwa na mimba ya mtoto wa sita, na uso wake ukabadilika, macho yakawa madogo. Mkunga akasema hii si kazi yake. Wakampakia kwenye basi la Musyoka na nyanya yangu wampeleke hospitali Garissa. Alinishika kidevu dirishani akasema atarudi na basi hilohilo. Mimi nikaichukua ahadi kama ilivyo.

Nyumba ikawa na kimya cha ajabu. Hata mbuzi walikuwa wakija mpaka mlangoni, wakisimama kidogo, wakiondoka. Aabo alitupikia anjera, mikate yetu ya kumimina, zilizoungua chini na mbichi juu, na tulizila zote kwa sababu alikuwa anatuangalia. Idd ilikuwa karibu na mji mzima ulitaka nguo, kwa hiyo mchana alikanyaga cherehani bila kuinua kichwa. Simu hatukuwa nazo. Habari ilikuja na basi au haikuja.

Siku yenyewe ilikuwa baada ya adhuhuri, jua limesimama. Aabo alikuwa anapiga pasi kanzu nyeupe ya mwalimu wa madrasa. Basi likafika bila honi. Musyoka alikuwa hajawahi kufika Habaswein bila honi. Akaja kibarazani kwetu amevua kofia, akaongea Kiswahili chini chini. Sikuelewa maneno yake mengi. Kiswahili changu kilikuwa maji, sukari, mama, njoo, basi.

"Mama yao?" aabo akauliza.

"Basi, fundi," Musyoka akasema. "Jana usiku. Asubuhi wakamzika. Basi, ndugu yangu. Basi."

Mimi nilisikia mama, nikasikia basi. Nikaruka kutoka kibarazani, nikakimbia barabarani bila viatu, mchanga unaunguza. Nyuma yangu nilisikia harufu ya kitambaa kinachoungua. Kanzu ile ya mwalimu ilibaki na alama ya kahawia ya pasi mgongoni. Ndiyo nguo pekee aliyowahi kuiunguza.

Nilipekua basi la Musyoka kiti kwa kiti. Hayumo, wala nyanya hayumo. Nikaona ni sawa, watakuja na lingine. Nikaketi pembeni ya barabara juu ya mtungi mtupu wa mafuta, nikaangalia upande wa Garissa. Basi la Musyoka likaondoka kwenda Wajir, vumbi likatulia. Aabo akaja polepole. Akasimama mbele yangu, akafungua mdomo.

"Aabo," nikamwahi, "hooyo anakuja na basi! Nimemsikia Musyoka!"

Akafunga mdomo. Akaketi mchangani karibu yangu, na suruali yake safi, yeye ambaye hakuketi popote bila kupanguza.

Tukakaa. Watu wakaanza kutoka madukani kuja kumpa mkono, na kila mmoja alipokaribia, aabo alijiwekea kidole mdomoni kumnyamazisha. Wakarudi nyuma, wakasimama mbali kwenye kivuli cha ukuta. Nilidhani anawanyamazisha ili tusikie injini. Shangazi yangu peke yake hakunyamazishwa. Alikuja amefunga shuka kiunoni kama anayekwenda kupigana.

"Bishar, mwambie mtoto."

"Mwache."

"Unamfanya mjinga mbele ya mji wote!"

"Nimesema mwache, abaayo, dada yangu. Leo tu."

Basi lingine lilikuwa la kesho kutwa. Mji mzima ulijua hilo ila mimi. Tulikaa mpaka alasiri, akaniletea maji, akarudi palepale. Tulikaa mpaka mwadhini akaadhini magharibi. Hapo ndipo alipofuta uso wangu kwa ncha ya macawis ya mteja iliyokuwa begani mwake, akasema kwa Kisomali, wazi, bila kuzunguka, kwamba hooyo hatakuja na basi lolote, amerudi kwa Mungu na mtoto wake. Nilimpiga ngumi za kifua. Hakunishika mikono.

Nitawaambia ukweli, nilimkasirikia miaka mingi. Watoto wa madrasa waliniita msichana wa basi. Nilimwona baba mwoga, mtu aliyeshindwa kusema neno moja, akaniacha niungue juani kama mpumbavu. Nilipoolewa nilimtupia maneno hayo usoni. Alikuwa anatunga uzi kwenye sindano, macho yameanza kufifia. Akasema tu, "Ni kweli, aabo, nilikosea," akaendelea kutafuta tundu. Alitushonea watoto wote watano hadi arusi zetu, hakuoa tena, na akafa ana kazi ya watu juu ya meza, imekunjwa.

Halafu nikafiwa mimi. Mume wangu alikuwa dereva wa lori, akafia njiani huko Elwak, na kwa joto letu wakamzika hukohuko kabla sijapata habari. Sikumwona. Ndipo nikajua ugonjwa wa kumkosa mtu ambaye hukumwona amekufa. Unaambiwa, unaitikia, unapika chai ya waombolezaji, na masikio yako yako barabarani. Aabo alikuwa amewakatia sanda nusu ya watu wa Habaswein, bure, kwa kupima kwa macho. Mke wake alikatiwa na mtu asiyejua hata urefu wake.

Nilikuwa nimekaa na eda, peke yangu chumbani, nilipoikumbuka alasiri ile vizuri, na nikakumbuka kitu ambacho utoto ulikuwa umekipita. Vumbi lilipanda upande wa Garissa, mbali, jekundu. Mimi nilikuwa nimeanza kusinzia juu ya mtungi. Aliyeliona kwanza ni yeye. Alisimama kabla yangu, mtu mzima aliyekwisha kuambiwa, akajikung'uta mchanga kwenye suruali, akaiweka kofia yake sawa kichwani, akainua shingo. Tukasimama hivyo wawili, mkono wangu ndani ya mkono wake, mpaka lori likapita limejaa mbuzi.