Nilifundisha mpira chuoni miaka ishirini na mbili. Kosa moja kwa mtani wangu limenimaliza

Wakuu, Tumsifu Yesu Kristo. Ndugu zangu wa Tunduru, Asalaam aleikum.

Mimi ni mzee wa Mshangano, hapa Songea. Naandika mwenyewe kwenye simu, polepole. Sitaongeza chumvi, kwa sababu jambo lenyewe ni chungu la kutosha.

Nilikuwa mwalimu wa michezo katika chuo kimoja cha ualimu na kocha wa timu yake ya mpira. Namshukuru Mungu, kazi ile ilinilea mimi na familia yangu.

Mimi ni Mngoni. Mwaka mmoja alikuja mwanachuo Mhehe kutoka Iringa, winga wa kushoto. Nitamwita Gasto, si jina lake.

Wangoni na Wahehe ni watani tangu vita vya mababu, wengi mnajua. Basi kijana akaniita mateka wake, nami nikamwita mateka wangu. Timu nzima ilifurahi.

Siku moja mazoezini alianguka akilia, ameshika mguu. Nikakimbia na ndoo ya maji. Nilipofika, akaruka juu akacheza ngoma.

"Mngoni umetishika! Hata babu zako walikimbia hivi hivi!"

Tulicheka mpaka machozi. Akarudia mchezo ule mara nyingi, nami nikazoea.

Kijana alikuwa na kipaji, wakuu. Timu moja ya ligi ilikuwa imemwita kwenye majaribio, aende mara baada ya mitihani. Nyumbani kwao walikuwa wanafunga na kusali kwa ajili ya siku hiyo.

Ikaja fainali ya vyuo. Wakati wa mapumziko, tukiwa sare ya bao moja kwa moja, Gasto akanifuata.

"Mwalimu, goti linauma. Leo si utani."

Nikamjibu mbele ya wenzake: "Mateka hapumziki. Utapumzika ukifika kwenu Iringa. Ingia!"

Wote wakacheka. Na yeye akacheka kidogo, akaingia.

Hazikupita dakika kumi. Akageuka kuufuata mpira, hakuguswa na mtu, akaanguka.

Wakuu, mimi nilisimama pembeni mwa uwanja nimekunja mikono, natabasamu. Nilikuwa namsubiri ainuke acheze ngoma.

Nahodha wa timu pinzani ndiye aliyeniita. "Kocha, huyu mtu anaumia! Wewe unacheka nini?"

Hospitali walisema nyuzi za goti zimekatika. Majaribio hakwenda, wala hakucheza tena.

Kombe tulilichukua. Mkuu wa chuo akanipa cheti cha pongezi mbele ya wanachuo wote, na Gasto alikuwepo, kwenye magongo, akipiga makofi. Wiki ile ile niliacha ukocha. Nikabaki na darasa mpaka nilipostaafu.

Sasa Gasto ni mwalimu wa shule ya msingi hapa hapa mjini. Anachechemea. Tunasali parokia moja.

Nilikwenda kuungama. Padre aliniondolea dhambi, na kitubio nilikitimiza. Akaniambia niende pia kwa kijana mwenyewe.

Nikaenda kwake Matogoro, nikamwambia, "Mwanangu, nimekukosea. Nisamehe."

Akacheka. "Mngoni wewe! Mtani hakosewi. Au umekuja kunilipa ng'ombe?"

Nikarudia, machozi yananitoka. Akaangalia pembeni, akasema, "Mwalimu, yaishe. Ulikuwa utani." Akaniletea chai.

Nimekwenda mara tatu. Jibu ni lile lile.

Nilichojifunza: mchezaji akikwambia anaumwa, mtoe nje, hata kama amekudanganya mara mia. Afadhali uchekwe wewe.

Lakini faraja sijaipata. Nasali kila alfajiri, Mungu namwamini, na bado moyo ni giza. Msamaha nautafuta kwa mtu anayekataa kwamba kuna kosa, na sijui kama ananihurumia au hataki kulitazama goti lake.

Vijana msinipe moyo tu, nisahihisheni pia. Na ninyi wenye watani, niambieni: mtani akikataa kwamba umemkosea, unamwombaje msamaha?