Wazito Wakae Mbele

Jumanne nilikuwa kwenye duka la vipuri, Chemchem, nasubiri plagi ya pikipiki. Akaingia mzee kutoka Choma, ametumwa na kamati ya kijiji kununua propela ya injini ya boti, nguvu za farasi arobaini.

"Shikamoo mzee. Boti gani hiyo?" mama muuzaji akauliza.

"Marahaba. Ya mpira, ya kujaza upepo. Inavusha wajawazito kwenda kliniki mto ukifurika."

Mama akaweka kalamu chini. "Boti hizo mwisho wake injini ya farasi kumi. Kibao cha nyuma ya boti hakisemi?"

"Kinasema. Ila injini ya kumi ilichoka na mzigo. Jembe likigoma, mwanangu, sisi tunaongeza ng'ombe."

"Mngeibadilishia propela tu, ya kuvuta mzigo. Hiyo kubwa itawapindua."

Mzee akainua kiganja, vidole vikitazama dari. "Ilitaka kufanya hivyo, pua juu namna hii. Tukafanya kama kwa mkokoteni uliolemewa nyuma, tukawahamishia wazito mbele."

"Wazito gani?"

"Si hao hao wajawazito."

Niliondoka bila plagi. Kamati nzima ilikisoma kile kibao, kisha ikampa mwenye mimba kazi ya jiwe la kukandamiza pua ya boti.